Risasi Alizojaza Silvio

Noelene Gattera alikuwa na mikono isiyongoja ruhusa ya kichwa. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyowafundisha wengine miaka nenda miaka rudi katika uwanja wa shabaha nje ya mji mdogo wa Home Hill, ule uliozungukwa na miwa pande zote: bastola ikigoma usiihurumie wala usiiulize ina nini. Piga kitako cha magazini kwa kiganja, vuta, endelea, saa inakimbia. Basi Jumamosi ile ya mashindano ya kanda ya Kaskazini, bastola ilipotoa kamlio kadogo mno, kama mtu kafungua soda chumba cha pili, mikono yake ilishapiga na kuvuta, na kidole kilikuwa njiani kurudi mahali pake, kabla kichwa hakijauliza kulikoni.

"Simama! Noelene, simama!"

Aliyepiga kelele ni Clarrie Dunstan, msimamizi wa mashindano, mzee mrefu ambaye kwa kawaida husema kwa sauti ya mtu anayebembeleza ng'ombe. Neno lile uwanjani halina mjadala. Noelene akasimama kama alivyo, kidole nje, mtutu ukielekea kwenye tuta la udongo.

"Toa magazini. Sasa toa iliyo chumbani. Taratibu, shemeji, hatukimbilii basi."

Clarrie alichukua fimbo nyembamba ya shaba akaichomeka mtutuni. Haikupita. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama katikati ya mtutu, kwa sababu ganda lake halikuwa na baruti. Fataki, kile kiwashio cha kitakoni mwa ganda, iliwaka peke yake, ikakisukuma nusu ya safari, ikakitelekeza hapo. Na nyuma yake mikono ya Noelene, kwa ule ustadi wake wa kujivunia, ilikuwa imeshaingiza risasi nyingine nzima. Angefyatua tu, mtutu ungepasukia viganjani mwake.

"Ganda tupu," Clarrie alisema. "Baruti hamna hata chembe."

"Haiwezekani," Noelene alijibu. "Hizo kajaza Silvio."

Alisema hivyo bila ubishi, kama mtu anayekwambia maji hayapandi mlima. Na waliokuwa wamesimama nyuma wakisubiri zamu zao, wote waliomjua Silvio Gattera, walitazama viatu vyao.

Lazima mtu aelewe Silvio, mume wa Noelene, alikuwa nani kwetu wana klabu. Alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha sukari mpaka alipostaafu, mtoto wa Mwitaliano aliyekuja kukata miwa akaishia kuwa na shamba lake, mtu mfupi, mpana, mwenye masharubu na kiburi. Huku kwetu wapigaji wengi hujaza risasi zao wenyewe nyumbani, ganda moja baada ya lingine, maana za dukani ni ghali na kila mkono una ladha yake. Lakini kujaza kuko kwa namna mbili: kuna kujaza, na kuna kujaza kwa Silvio. Yeye baada ya kutia baruti katika trei nzima ya maganda, huchukua tochi, akainama, akamulika ndani ya kila ganda, moja moja, akisema kwa sauti: sawa, sawa, sawa. Vijana walimcheka, wakimwita padri anayebariki mishumaa. Naye aliwajibu kwamba siku vidole vyao vitakapookotwa kwenye nyasi, watamwita padri kweli, na hatakuwa yeye.

Noelene mwenyewe aliingia katika mchezo huu kwa kuchoka. Alikuwa mpishi wa kantini ya shule, kaolewa karibuni, na kila Jumapili alikaa garini akifuma sweta ambazo hakuna mtu wa Home Hill anayezihitaji kwa joto la huko, akimngoja mume amalize kupiga makaratasi. Siku moja akatupa sindano za kufumia na kusema naye anataka yake. Walikwenda duka la bastola mjini Townsville. Muuzaji akamletea kibastola chepesi, kizuri, kinang'aa, akasema hiki ndicho cha mkono wa mama. Silvio alingoja mpaka muuzaji alipowapa kisogo.

"Usidanganywe na wepesi," akamnong'oneza. "Nyepesi ndiyo yenye teke. Nzito inakumeza lile teke, wewe unabaki unatazama shabaha. Hebu funga macho."

Akampa bastola tatu kwa zamu. Kila moja aishike macho yamefumba, ainyanyue kuelekea ukutani, kisha afumbue. Mbili zilikuwa zikitazama kwingine kabisa, moja darini, moja kwa muuzaji, ambaye alihama haraka ingawa zote zilikuwa tupu. Ya tatu, ya chuma tupu iliyotengenezwa Ucheki, nzito kama chungu cha maharage, ilikuwa tayari inatazama pale pale Noelene alipokusudia. Aliichukua hiyo. Silvio aliusugua mpini wake kwa msasa jioni nyingi mpaka ikakaa mkononi mwa mkewe bila kubishana. Kisha akamtengenezea risasi zake: kichwa kizito kinachokwenda polepole, baruti kidogo, nguvu ya kufikia kile kiwango cha kanuni za mashindano ambacho chini yake alama zako zote ni bure, na si zaidi ya hapo. "Kama supu ya mgonjwa," alikuwa akisema. "Chumvi ya kutosha, basi."

Na mazoezi, mama wee. Kila jioni baada ya kuosha vyombo, korido ya nyumba iligeuka uwanja. Bastola tupu, risasi zimefungiwa kwingine, sarafu imewekwa juu ya mtutu, na Noelene anafyatua hewa kuilenga swichi ya taa. Sarafu ikianguka, anaanza upya. Binti yao Tania alikua akidhani kila nyumba mama huiua swichi ya taa kabla ya watoto kulala.

Lakini kisa kinachosimuliwa mpaka leo kwenye meza ya chai ni cha mashindano yake ya kwanza. Msimamizi siku hiyo alikuwa Silvio. Noelene alikimbia kutoka dirisha moja la mbao kwenda lingine, kidole chake kikasahaulika kwenye kifyatulio. Silvio akapiga kelele: simama. Akamtoa mashindanoni, mke wake mwenyewe, mbele ya watu, keki yake aliyoileta ikiwa bado mezani haijakatwa.

"Kosa gani?" Noelene alimuuliza, kwa kuwa anayetolewa ana haki ya kuuliza.

"Kidole ndani ukiwa unakimbia."

"Silvio, ni mimi!"

"Uwanjani sina mke."

Alimpa mkono, kama ilivyo desturi yetu: anayetolewa humpa mkono msimamizi, hata kama moyoni anamtakia kuhara. Jioni mbili Silvio alikula maharage ya kopo, baridi. Ya tatu Noelene akapika, kwa sababu alikuwa ameshaelewa. Tangu hapo yeye ndiye aliyefundisha wageni wote, na somo la kwanza lilikuwa lile la kidole.

Mwanamume wa namna hiyo, sasa, ndiye anayeambiwa kajaza ganda tupu.

Clarrie aligonga fimbo, kichwa cha risasi kikadondoka kwenye nyasi. Kisha akamwita Noelene pembeni, kwenye pikapu yake, akatandika taulo jeupe nyuma na kutoa nyundo ya plastiki yenye tundu kichwani, ile ya kung'olea vichwa vya risasi.

"Nipe zilizobaki."

"Ya nini? Moja imemponyoka. Binadamu ni binadamu."

"Basi tuhakikishe imemponyoka moja."

Akagonga ya kwanza. Baruti ikamwagika juu ya taulo, kilima kidogo cha kijivu, kipimo chake. Ya pili vivyo hivyo. Noelene akapumua, akaanza hata kutabasamu. Ya tatu Clarrie aliigonga, akaimimina, ikawa inamwagika, inamwagika, mpaka mkono wake ukasimama hewani. Vilima viwili katika ganda moja. Ya nne ilikuwa tupu. Ya tano ilikuwa na vilima viwili tena.

Noelene alishika ukingo wa pikapu. Risasi zile zilikuwa zimekaa kiunoni mwake tangu asubuhi, na wiki iliyopita alikuwa amempa binti mdogo wa jirani, mgeni kabisa katika mchezo, boksi zima la aina ile ile. Boksi hilo lilikuwa bado halijafunguliwa, alikuja kugundua baadaye. Lakini pale kwenye pikapu hakujua, akakaa chini kwenye changarawe, mwanamke mzima wa miaka sitini na ushee na mkanda wake wa magazini.

"Hii tupu ingekukwamia mtutuni," Clarrie alisema taratibu. "Hizi mbili zingekutoa vidole. Na jicho, pengine."

"Alizimulika. Nilimsikia mwenyewe, nilikuwa jikoni. Sawa, sawa, sawa. Nilimsikia, Clarrie!"

Clarrie alivua kofia, akaitazama ndani kama kulikuwa na jibu.

"Shemeji, unakumbuka mwezi wa sita, alipoacha kupiga?"

"Magoti yake."

"Si magoti." Akairudisha kofia kichwani. "Unajua Silvio alivyokuwa. Anautembelea uwanja mara moja tu kabla ya zamu yake, anajua kila shabaha iko wapi, wapi pa kubadilisha magazini, miguu ikae vipi. Sisi tunazunguka mara sita tukinong'ona kama wachawi. Siku ile alipiga shabaha mbili, akasimama katikati. Bastola mkononi, tayari. Akanitazama akaniuliza, 'Clarrie, naelekea wapi?' Nikadhani utani. Nikacheka, watu wote wakacheka. Hakuwa anatania."

"Na hukuniambia."

"Aliniomba."

"Hukuniambia, Clarrie! Nimelala naye kitanda kimoja, natembea na baruti yake kiunoni, na nyinyi wote mnajua!"

Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulificha ya mwenzetu kwa adabu. Hilo nalisema waziwazi, tulikuwa wajinga. Clarrie hakujitetea. Alimimina chai kwenye kikombe, Noelene hakukipokea. Clarrie alisema Noelene anaweza kuazima risasi akarudi kesho kumalizia, maana alikuwa anaongoza wanawake wote. Noelene alimtazama kama mtu anayesemeshwa kwa lugha ya ndege. Akazifunga zile risasi ndani ya taulo, akaingia garini, akaondoka na vumbi lake.

Njiani kote alijishtaki. Chumvi aliyoikuta kwenye kopo la sukari. Simu ya Tania ambayo Silvio aliikata akasema ni watu wa kuuza bima. Mke anayeweza kuona kidole cha mgeni kimeingia pasipotakiwa kutoka upande wa pili wa uwanja, ameshindwa kuona haya ya chini ya pua yake? Aliona, ndiyo. Aliona akaita magoti.

Silvio alikuwa bandani, mahali pake pa siku zote, redio inatangaza mechi ya ragbi. Mbele yake mashine ya kujazia, trei ya maganda, mizani, kopo la baruti. Hakumsikia akiingia. Noelene alisimama mlangoni, naye kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alimtazama mumewe kama msimamizi anavyomtazama mpigaji.

Mikono ilikuwa ile ile, mizuri, isiyotetemeka. Akatia baruti ganda hili, akatia lile. Mtangazaji wa redio akapandisha sauti, Silvio akainua kichwa, akasikiliza, akacheka kidogo. Akarudi kwenye trei. Ganda alilokuwa amelitia akalitia tena. Lililofuata akaliruka. Noelene alijiuma mdomo, akijipa moyo: bado tochi. Tochi itaona.

Silvio akachukua tochi. Akainama, akamulika la kwanza.

"Sawa," alisema.

Akamulika lile lililojaa hadi karibu na mdomo. Mwanga wa tochi ulilala juu ya baruti, hata Noelene pale mlangoni aliiona.

"Sawa."

Akamulika lile tupu, akachungulia mpaka chini kwenye shaba inayong'aa.

"Sawa," alisema Silvio, kwa sauti ile ile, ya mtu aliyeridhika.

Noelene aliingiwa na baridi iliyoanzia visigino. Makosa ya kusahau angeyavumilia, nani hasahau. Hili lilikuwa jingine. Mtu alikuwa anatazama na hayupo.

"Simama," alisema.

Silvio aliacha papo hapo. Aliweka tochi mezani, akaiachia mashine, akainua viganja vyote viwili vionekane, bila kugeuka. Miaka yote ile ilikuwa ndani ya mwili wake, haikuwa imepotea hata kidogo. Kisha akageuka, masharubu yamemsimama kwa mshangao.

"Unanisimamisha mimi?"

"Wewe."

"Kosa gani?"

Noelene alitandua lile taulo juu ya meza. Akamwonyesha vilima viwili, akamwonyesha ganda tupu, akamwonyesha kile kichwa cha risasi chenye alama za fimbo ya Clarrie. Kisha akaleta trei, akamshika shingo kwa upole, akamwinamisha. Safari hii Silvio alitazama kweli. Alitazama kwa muda mrefu, na rangi ikamtoka usoni taratibu kuanzia paji.

"Hizi nilikupa wewe?"

"Ndizo nilizokuwa nazo leo."

"Ukazipiga?"

"Nikazipiga. Clarrie kanisimamisha."

Alishika mikono ya mkewe, akaigeuza huku na huku, akavihesabu vidole kwa kuvigusa kimoja kimoja kama mkunga.

"Sema yote, Noelene. Usiniambie nusu nusu kama mtoto."

"Umetolewa, Silvio. Si leo tu. Baruti, bastola, leseni, vyote. Jumatatu tunakwenda kwa daktari."

"Ni mimi, Noelene," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwenye baruti sina mume," akajibu.

Redioni watu walishangilia bao la mtu fulani. Kisha Silvio mwenyewe, bila kuambiwa, alichukua spana, akafungua mpini wa ile mashine ya kujazia, ule mpini wa chuma uliolainishwa na kiganja chake, akampa mkewe. Halafu akampa mkono. Noelene aliupokea, wakashikana hivyo, wazee wawili bandani, mpaka Noelene akaangua kilio na Silvio ndiye akawa wa kumbembeleza. "Umefanya vizuri," alimwambia nyweleni. "Ungeniacha, ningekudharau."

Clarrie alikuja kabla ya magharibi, akachukua baruti na fataki, akafungasha bastola zote akazipeleka kwenye sefu yake. Boksi la yule binti wa jirani nalo likarudi, likiwa bado limefungwa kwa utepe wake wa gundi. Silvio aliwasaidia kubeba, akamtania Clarrie kwamba hata kubeba anabeba polepole, ndiyo maana hajawahi kushinda kitu. Walikula pai ya nyama watatu kwa pamoja. Usiku Noelene alilala usingizi wa mtu aliyetua mzigo, na kabla hajalala alimshukuru Mungu kwamba lile gumu kuliko yote limeshasemwa, na limesemwa mara moja, na limepita.

Asubuhi aliamshwa na kishindo. Vitu vilikuwa vinaburutwa bandani, makopo yanaanguka. Aliutia mpini wa mashine mfukoni mwa gauni la kulalia bila hata kujua kwa nini anauchukua, akatoka pekupeku kwenye nyasi zenye umande.

Silvio alikuwa amepiga magoti chini ya meza, suruali ya pajama, tochi mkononi, anamulika kila pembe. Aliposikia hatua alitoka huko chini na utando wa buibui kichwani, macho yamemtoka.

"Noelene! Piga simu polisi! Tumeibiwa!" Alikuwa anahema. "Baruti hakuna, fataki hakuna, hata mpini wa mashine wamechukua! Na wewe una mashindano leo, mke wangu, utapiga na nini?"

Noelene alisimama pale mlangoni, mkono mfukoni, chuma kikimlalia kiganjani. Alimtafuta usoni mwa mumewe yule mwanamume wa jana aliyempa mkono. Hakumwona. Akaelewa, na kuelewa huko kulimpiga kuliko vile vilima viwili juu ya taulo, kwamba alichomwambia Silvio jana hakikubaki kichwani mwake na hakitabaki, na kwamba kila atakapoambiwa itakuwa ndiyo mara ya kwanza.

Akavuta pumzi.

"Simama, Silvio."

Silvio aliweka tochi chini, akainua viganja vyake vyote viwili.

"Kosa gani?" aliuliza.